Kiondo Kisichobeba Kitu

Mke wangu husuka viondo. Ukisema hivyo hapa Nyeri hakuna anayeuliza swali la pili, kwa sababu kila mtu ana mama, shangazi au jirani anayesuka. Maswali yalianza alipoamua kusuka kimoja ambacho hakitabeba kitu chochote.

Nitaeleza kwa mpangilio, kama nilivyozoea zamani nilipokuwa nikituma habari za mashinani gazetini: daraja lililosombwa na mto, bei ya kahawa, ng'ombe aliyezaa mapacha. Siku hizi nafuga hao ng'ombe badala ya kuwaandika, lakini bado siwezi kuona watu wawili wakizozana njiani bila kutaka kujua nani alianza.

Kwa miaka mingi mke wangu alisuka katika kikundi cha akina mama hapa Wamagana. Kiondo huanzia chini. Nyuzi za mkonge zilizosokotwa pajani hupishanishwa katikati, kisha uzi mwingine huzungushwa, raundi baada ya raundi, mpaka kitako kipanuke na kuta zianze kupanda. Kikundi kilikuwa kikipata oda kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Nairobi aliyetaka viondo vyote vifanane: mistari miwili ya kahawia, mishipi ya ngozi, kimo kimoja. Alileta katoni ya mfano. Kila kiondo kilichomalizika kiliingizwa katonini. Kikiingia vizuri kinapita, kikikwama kinafumuliwa. Vya mke wangu vilikuwa vikiingia bila kusukumwa. Mwenyekiti wa kikundi, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka bonde, alipenda kuwaambia wageni kwamba katoni ikipotea hawatapata shida, watapimia viondo vya mke wangu.

Nadhani ni sifa hiyo iliyomharibu. Kiondo kilichofuata kilikuwa na mstari ulioanzia juu ukaishia chini.

"Mstari wako umeteleza," mwenyekiti akamwambia.

"Haukuteleza. Umeshuka."

"Umeshuka kwenda wapi?"

Kwa kutaka kujua hilo, mke wangu aliendelea kuufuata mstari huo kiondo baada ya kiondo. Akaacha mkonge mtupu akaanza kuchanganya. Mimi hununua pumba za mpunga kutoka Mwea za kuwalisha ng'ombe, na magunia yake ya plastiki hurundikana nyuma ya zizi. Akayafumua uzi kwa uzi. Akafumua masweta ya mitumba ya Karatina. Akachemsha magome ya miwati kwenye sufuria yangu ya kupashia maji ya kukamulia, na kwa muda fulani ng'ombe wetu walioshwa viwele kwa maji ya kahawia.

Shida ilikuwa kwamba kila alichokitengeneza kilipata kazi. Alisuka kimoja kikafunga kabisa juu, hakina mdomo. Jirani aliyekuja kuazima kisu cha kukatia nyasi alikikalia akisubiri, akasema hajawahi kuona kigoda kizuri hivyo. Akasuka chenye midomo miwili. Mama yangu, ambaye nyumba yake iko chini kidogo ya yetu katika boma hilo hilo, akatia maharagwe upande huu na mahindi upande ule, akauliza kwa nini jambo hilo halikufikiriwa zamani. Akasuka bapa moja kubwa kama mlango, rangi imekolea katikati na kufifia kuelekea pembeni, akalitundika sebuleni. Siku moja tuliporudi kutoka Nyeri mjini tulilikuta juani, limeanikiwa kahawa.

"Niliona limekaa tu," mama akasema.

Jioni hiyo tulikuwa tukikamua, mke wangu ng'ombe huyu na mimi yule.

"Nataka kutengeneza kitu kisichobeba," akaniambia.

"Kama picha?"

"Picha inaficha ufa wa ukuta."

"Kama jiwe?"

"Jiwe mama yako atazuilia mlango."

Nikaendelea kukamua, kwa sababu ndivyo ingekuwa.

Kitu hicho kilikuwa kikubwa. Alikianza verandani, na kilipofika kifuani pake akapanda kigoda. Alikipitishia fito za mianzi kwa ndani ili kisimame. Kilipomalizika kilikuwa na kimo cha mtu mzima, tumbo pana, mdomo uliolegea upande mmoja kama wa mtu anayesikiliza, na kuta nyembamba kiasi kwamba jua la asubuhi lilipita na kutandaza sakafuni vivuli vya nyuzi. Nyuzi nyeupe za magunia ya Mwea ziling'aa kati ya zile za mkonge. Kilikuwa kizuri. Nasema hivyo kama shahidi, maana nilikizunguka mara nyingi nikitafuta pa kupitia kwenda kupeleka maziwa.

Sasa lazima nieleze desturi, la sivyo mambo mengine hayataeleweka. Kwetu kiondo hakirudi nyumbani kikiwa kitupu. Mtu akikuletea viazi katika kiondo, humrudishii kiondo peke yake. Unatia kitu: ndizi, unga, chumvi, na kama huna kitu kabisa, kiberiti. Mama yangu aliwahi kumfuata mgeni hadi barabara kuu, akihema, kwa sababu alimrudishia kiondo bila kitu. Alimtilia limau na akarudi akiwa mtu mwenye amani. Desturi hiyo haifundishwi. Mkono wenyewe ukiona kiondo kitupu huanza kutafuta.

Basi fikiria kiondo kitupu kirefu kama mtu, kimesimama verandani mahali ambapo njia ya kwenda kituo cha maziwa inapita.

Asubuhi ya kwanza tulikuta kabichi ndani. Mke wangu akapanda kigoda, akainama mpaka nikaona nyayo zake tu, akaitoa. Asubuhi ya pili kulikuwa na mkungu wa ndizi na mwavuli. Mwavuli ulikuwa wa mtu aliyeutia kwa muda tu, akasahau. Kisha ikawa kila siku. Viazi. Mayai yaliyofungwa kwa gazeti. Mche wa parachichi. Mke wangu aliuliza huku na huku mpaka akajua kila kitu ni cha nani, akakirudisha. Lakini huwezi kumrudishia mtu kabichi ukiwa umeishika mkononi kama mwizi aliyetubu. Aliitia katika kiondo kidogo. Mwenye kabichi akapokea, akashukuru, akatazama kiondo kidogo, akakijaza nduma. Mke wangu akarudi na nduma. Kesho yake akarudisha nduma, akaja na malenge. Kwa kipindi hicho tulikula vizuri kuliko wakati wowote wa ndoa yetu, na yeye alikuwa amekasirika mfululizo.

"Hiki si kiondo," alimwambia kila mtu.

"Kina kitako, kina kuta, kina mdomo," mama yangu akamjibu. "Ni nini basi, ng'ombe?"

"Ni chombo kisichobeba."

"Hujakijaribu. Kinabeba sana. Jana nimetia magunzi ya mahindi na hayakufika hata nusu."

Hasira ya mke wangu ilikuwa na sababu. Nanyuki kuna mwanamke mwenye nyumba ya sanaa. Kwa muda alikuwa akiuza viondo vidogo vya mke wangu kwenye rafu karibu na mlango, kati ya asali na sabuni. Lakini nyuma ya rafu hiyo kuna chumba kirefu chenye kuta nyeupe na mwanga unaoshuka kutoka juu, ambacho hupewa msanii mmoja kwa wakati kwa miezi kadhaa, ajaze kazi zake atakavyo. Mke wangu alikuwa amekiona mara moja, mlango ulipoachwa wazi. Tangu siku hiyo alikuwa akipima sebule yetu kwa macho na kuiona ndogo.

Mwanamke huyo alikuja Wamagana kukiona hicho chombo. Alishuka garini, akakizunguka, akagusa mahali ambapo mkonge unageuka kuwa gunia na gunia kuwa sweta. Kisha akapanda kigoda, akachungulia.

"Huyu kuku ni sehemu ya kazi?" akauliza.

"Hapana!" mke wangu akasema.

"Anataga."

Ilibidi tungoje kuku aondoke mwenyewe. Tukiwa tunangoja, tukinywa chai, mwenye nyumba ya sanaa alisema wazi. Alikuwa na maonyesho ya wasanii wengi karibuni. Angekiweka hicho katikati. Kama kingesimama pale kitupu, kama mke wangu alivyokieleza, na watu wakakiona kikiwa kitupu, chumba cha nyuma kingekuwa chake baada ya hapo.

"Lakini nikikuta kina vitu ndani siku ya kufungua, basi ni kikapu kikubwa," akasema kwa upole. "Na vikapu vina mahali pake, pale mlangoni."

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa amefika kusikiliza, maana gari la mgeni huonekana kutoka mbali. Aliposikia hivyo hakuficha furaha. Oda mpya ilikuwa imekuja na katoni ilikuwa ikimngoja mke wangu.

"Wewe nenda tu Nanyuki," akamwambia. "Ukimaliza kuonyesha watu hewa, tuko hapa."

Siku ya kukisafirisha niliazima pikapu ya shemeji. Tulikilaza chombo kwa nyuma, mdomo ukitazama tulikotoka, tukakifunga kwa kamba. Mke wangu alichungulia ndani kabla hatujaondoka, akachungulia tena mjini, akachungulia Kiganjo. Kabla ya Naro Moru tukakuta kizuizi cha polisi.

"Mzee, mmebeba nini?" askari akaniuliza.

"Kiondo," nikasema.

"Si kiondo," mke wangu akasema.

Hapo tukawa tumekosea tayari. Askari akazunguka nyuma, akawasha tochi ya simu ingawa jua lilikuwa la saa nne, akaingiza kichwa, kisha mabega. Sauti yake ilitoka ndani ikiwa nzito.

"Hakuna kitu hapa."

"Ndiyo, afande."

Akatoka. "Mmetoka wapi?"

"Wamagana."

"Mnaenda?"

"Nanyuki."

"Mmetoka Wamagana mpaka hapa na kiondo kubwa hivi, na hakuna kitu ndani?" Akanitazama usoni. Nimewahi kuwahoji polisi wengi na najua wanavyotazama wanapokaribia jambo. "Mlikuwa mmebeba nini, mkashusha wapi?"

"Hatukubeba kitu. Ni sanaa."

"Sanaa iko wapi?"

Mke wangu akaonyesha.

"Hiyo nimeona. Nauliza ya ndani."

Mwenzake, askari wa kike aliyekuwa ameketi kwenye jiwe akimenya chungwa, akaja, akakitazama chombo, akamtazama mke wangu kwa huruma kubwa.

"Waachilie," akasema. "Huoni wanaenda kuomba? Mavuno yalikuwa mabaya mwaka huu."

"Hatuendi kuomba," mke wangu akasema.

"Hakuna aibu, mama. Hata sisi kwetu mvua ilikataa."

Tulipokuwa tukiondoka nilisikia kitu kikigonga kwa nyuma, kisha kingine. Tulisimama mbele kidogo. Alikuwa ametutilia machungwa yake yote. Mke wangu aliyatoa, akaketi nayo mapajani hadi Naro Moru, akitazama mbele.

Pale Naro Moru nilisimama kuongeza mafuta na yeye akaenda msalani. Nililipa, nikaingia garini, nikahisi gari limekaa chini kuliko kawaida. Nikatoka. Ndani ya chombo kulikuwa na gunia la karoti, limelazwa vizuri kabisa, na mwanamume ambaye sijawahi kumwona amejiegemeza kwenye pikapu.

"Nimeona mnaenda juu na muko na nafasi," akasema. "Mtaniachia hapo soko ya Nanyuki, kuna mtu atapokea."

Tulilishusha sote watatu. Hakukasirika, alishangaa tu. Alisimama kando ya barabara na gunia lake, akitutazama tukienda na nafasi yote ile.

Nanyuki tulifika kikiwa kitupu. Mwenye nyumba ya sanaa alikichungulia, akatabasamu, akakisimamisha katikati ya ukumbi mbele ya ule mlango wa chumba cha nyuma. Mke wangu akaandika kwenye kadi maneno mawili, Chombo Kisichobeba, akaibandika ukutani. Tukapata chumba cha kulala karibu na stendi ili awe pale mapema.

Siku ya kufungua watu walikuwa wengi. Walikuwapo wazungu wa mashambani, vijana wa kupiga picha, walimu, na mfanyabiashara mmoja wa mifugo mwenye kanzu na kofia aliyeingia kukwepa mvua, akakizunguka chombo kwa umakini wa mtu anayenunua.

"Ndama anaingia?" akamuuliza mke wangu.

"Anaingia, lakini hataingia."

Akafikiri. "Sawasawa," akasema, akaendelea kukizunguka.

Mke wangu alisimama karibu nacho muda wote. Mtu akiweka mkono mfukoni, alisogea. Msichana mmoja akainua kijikaratasi cha maonyesho juu ya mdomo wa chombo, mke wangu akakipokea kabla hakijaanguka, akamshukuru. Saa sita ikapita, saa saba. Mwenye nyumba ya sanaa alipita mara kwa mara, na kila alipopita alichungulia na kuendelea. Nilianza kuamini kwamba itawezekana.

Kisha nje kukasikika honi, na nikaitambua sauti ya mwenyekiti wa kikundi kabla sijamwona.

Kikundi kizima kilikuwa kimekodi gari. Mama yangu ndiye aliyekiongoza. Walikuwa wamevaa vitambaa vya kichwa vya sherehe, na kila mmoja alikuwa amebeba: kabichi, viazi, ndizi, nduma, unga, vitunguu, miwa iliyofungwa pamoja. Waliingia kwa mstari, wakijipangusa miguu. Mama yangu hutumia Kiswahili mbele ya wageni tu, na siku hiyo alikitumia chote.

"Hamjambo hapa ndani. Muko na nyumba nzuri lakini iko baridi." Kisha akakiona chombo, mwanga ukikimwagikia, na akashika mdomo. "Ngai! Bado iko tupu!"

"Mama, karibu," mke wangu akasema.

"Nimeambiwa nikakataa. Nikasema hapana, hawezi. Kiondo ya mke wa kijana yangu imekaa kwa watu, mbali huko, siku mbili, bila hata kiazi." Akawageukia wenzake. "Leteni."

Mke wangu akasimama kati yao na chombo. "Mama, ngoja kwanza."

"Ngoja nini? Si uone! Kila mtu anachungulia. Huyo mzungu wa shati ya bluu amechungulia mara mbili nikiwa hapa. Unajua anafikiria nini?"

"Anafikiria ni kizuri."

"Anafikiria hatuna chakula!"

Mwenye nyumba ya sanaa alikuwa ameegemea ukuta akiwa na glasi ya maji ya matunda. Hakusogea kuzuia, na nikaelewa kwamba hatazuia. Alikuwa amesema neno lake Wamagana. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mbele ya wote, kabichi kubwa imekumbatiwa kifuani, na hakuwa na ubaya usoni. Hilo ndilo lililotisha. Wote walikuwa wametoka nyumbani alfajiri kumwokoa mke wangu na aibu.

Mke wangu akafungua kinywa. Nilijua atakachosema, maana nilikuwa nimekisikia kwa miezi: hiki si kiondo. Nilijua pia jibu lake, la kitako na kuta na mdomo. Akafunga kinywa. Akatazama kabichi. Akatazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Mama," akasema. "Hiki kiondo kimetoka wapi?"

Mama yangu akashtuka kidogo kusikia neno hilo. "Kwetu."

"Kikaja wapi?"

"Si ni hapa."

"Hapa ni kwa nani?"

Mama akaonyesha kwa kidevu. "Kwa huyo madam."

"Kiondo kikienda kwa mtu, nani hukijaza?"

Wanawake wakatazamana. Aliyekuwa na miwa akaishusha. "Ni huyo alipokea," akasema mmoja.

"Lini?"

"Ikirudi."

"Kimerudi?"

Mama yangu alikuwa ameukaza uso, akipitia jambo hilo tangu mwanzo, na nikaona hofu ikimjia, hofu ya kweli, ya mtu aliyekaribia kukanyaga mtoto gizani. Akamgeukia mwenye nyumba ya sanaa.

"Madam, utusamehe. Tulikuwa karibu kukuaibisha kwako mwenyewe. Mtu anatoka Nyeri anakuja kukujazia kiondo kama wewe hauna mikono!"

"Hakuna shida, mama," mwenye nyumba akasema. Glasi yake ilikuwa imeinama na alikuwa akijimwagia viatuni.

"Lakini pia wewe usisahau."

"Kusahau nini?"

"Siku ya kuirudisha."

"Sitasahau."

Baada ya hapo mke wangu hakuwa na haja ya kulinda. Mama yangu aliomba kiti, akaketi kando ya kiondo, mwenyekiti wa kikundi upande wa pili, na kwa mchana wote uliobaki hakuna mtu aliyekikaribia na kitu mkononi. Mzungu wa shati la bluu alijaribu kuweka glasi ukingoni ili apige picha.

"Wewe! Toa hiyo! Ni madam atajaza!" mama yangu akamkemea.

Aliomba radhi kwa Kiswahili kizuri. Mfanyabiashara wa mifugo, ambaye mvua ilikuwa imemwachia zamani na bado hakuwa ameondoka, alikubaliana nao kabisa. Alisema hata kwao mambo ni hivyo hivyo, na kwamba yule bwana alikosa malezi. Vyakula vilivyoletwa havikuweza kurudi nyumbani, hilo halikujadiliwa, na waliokuja kuona sanaa walitoka wamekumbatia kabichi na nduma. Wengi walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Mwenye nyumba ya sanaa alinivuta kando, karibu na asali na sabuni.

"Niambie ukweli," akasema. "Nikikirudisha, natia nini? Kitu kikubwa hivyo?"

"Chochote. Moyo wako tu."

"Na nikichelewa?"

"Kitangoja."

"Kikiwa kitupu?"

"Kikiwa kitupu. Hakuna atakayekigusa."

Akakitazama kiondo, na wale akina mama wawili waliokaa kando yake kama walinzi wa benki. "Basi sitakuwa na haraka," akasema. Akamwendea mke wangu, wakaongea kwa sauti ya chini, kisha akatoa ufunguo mfukoni na kumfungulia chumba cha nyuma. Sikuwafuata. Nilimwona mke wangu kupitia mlangoni, amesimama katikati, akigeuka polepole akipima kuta.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye kadi iliyobandikwa ukutani, akaibandua.

"Tuandike nini?" mwenye nyumba akamuuliza.

"Kiondo."

"Kiondo tu?"

"Kiondo tu."

Mimi na mke wangu tuliketi nje kwenye ngazi wakati akina mama wakinywa chai ya kuagwa. Mawingu yalikuwa yameficha mlima wote. Nilimpongeza kwa chumba. Alisema asante, lakini hakuwa na sura ya mtu aliyeshinda.

"Nimesema ni kiondo," akaniambia.

"Nimesikia."

"Mbele ya watu wote. Miezi yote hiyo nakataa, halafu nimesema mwenyewe."

"Ulitaka kisimame kitupu. Kimesimama."

"Kimesimama kwa sababu kinangojewa." Akavuta uzi wa gunia uliokuwa umemganda kwenye sweta. "Mimi nilitaka kisingojewe na mtu. Sikuwahi kufikiria habari ya kungoja."

Sikujua kama hilo lilikuwa jambo baya. Yeye pia nadhani hakujua. Alikuwa na nyuzi nyingine mfukoni, huwa nazo siku zote. Akazitoa, akapitisha moja juu ya nyingine, akaanza kuzungusha. Kitako kilikuwa bado kidogo kuliko kifungo mama yangu alipotoka na kikombe chake, akainama juu ya bega la mke wangu.

"Hiyo nayo ni ya kubeba nini?"

"Mama," mke wangu akasema bila kuinua macho, "niache kwanza nianze."

Mama yangu akasogeza sketi yake, akaketi ngazi ya chini, akanyoosha mkono kumshikia nyuzi zisitawanyike.